Neno la mtoto na kalamu ya hakimu: Mahakama ya Rufani inavyopima ushahidi wa ubakaji

Februari 2010 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu iliyozua ubishi vijiweni kwa miaka. Mwanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na wanawe watatu walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa kuwabaka wanafunzi wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Jalada lilikuwa moja na mashahidi watoto walikuwa walewale. Majaji wakawaachia wana wawili, wakambakiza gerezani baba na mwanawe Johnson, yaani Papii Kocha. Watu wakauliza: kama watoto walisema kweli, hao wawili wametokaje? Na kama walidanganya, hawa wawili wamebakije?

Swali hilo lina mantiki, ila limesimama juu ya dhana kwamba mahakama ya rufaa hukaa kuamua kama watoto ni wakweli au waongo, kwa mkupuo. Haifanyi hivyo. Humchukua kila mshtakiwa peke yake, kwa kila shtaka, ikauliza kama yaliyoandikwa kwenye mwenendo wa kesi yanatosha kumfunga huyu kwa kosa hili bila kuacha shaka ya msingi. Watoto wanaweza kuaminiwa wanaposema walitendewa, na bado ushahidi ukapungua kwa mmoja wa wanaotuhumiwa. (Wawili waliobaki walitoka kwa msamaha wa Rais Desemba 2017. Mwaka uliofuata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikasema haki yao ya kujitetea ilikuwa imekiukwa. Msamaha si hukumu ya kwamba mtu hana hatia, jambo ambalo husahaulika kila hadithi hii inaposimuliwa upya.)

Hao wanajulikana na kila mtu. Wahusika wa mashauri mengine nitakayoyagusa sitawataja, ingawa mawakili huyaita mashauri hayo kwa majina yao. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka ushahidi wa makosa ya kujamiiana utolewe faraghani na usichapishwe magazetini, na sioni sababu ya mimi kuipita.

Majaji hawamwoni mtoto

Kesi ya aina hii kwa kawaida huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Aliyetiwa hatiani hukata rufaa Mahakama Kuu, na akishindwa huko huenda Mahakama ya Rufani, ambako majaji watatu humsikiliza. Katika ngazi hizo zote, mtoto hupanda kizimbani mara moja tu, kule chini. Waliomwona akisita, akilia au akiinamisha uso ni hakimu na waliokuwa chumbani. Majaji wa rufani hupokea karatasi. Na kwa miaka mingi karatasi zenyewe zilikuwa za Kiingereza: mtoto alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika alivyoweza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Hapo ndipo kanuni ya kwanza inapozaliwa. Kumtazama shahidi usoni na kupima mwenendo wake ni kazi ya hakimu aliyemsikiliza, na mahakama ya juu haiingilii hilo kirahisi. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba uaminifu wa shahidi hupimwa kwa njia mbili nyingine ambazo hazihitaji macho: kama maelezo yake yanashikamana yenyewe kwa yenyewe, na kama yanakubaliana na ya mashahidi wengine, mshtakiwa akiwemo. Hizo mbili zinawezekana kwa kusoma. Kwa hiyo rufaa nyingi husimama au kuanguka kwa namna hakimu alivyoandika.

Rufaa ya kwanza na ya pili hazifanani. Tangu siku za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, uamuzi wa 1957 ukiwa ndio unaorejewa zaidi, rufaa ya kwanza huhesabiwa kuwa ni kuisikiliza kesi upya kupitia kumbukumbu: Mahakama Kuu inawajibika kuupitia ushahidi wote, kuuchambua na kufikia uamuzi wake yenyewe. Rufaa ya pili ni finyu zaidi. Kwa kesi zilizoanzia mahakama za chini, Mahakama ya Rufani hushughulika na hoja za kisheria, na mahakama mbili za chini zikishakubaliana juu ya ukweli wa jambo, haiugusi ukweli huo isipokuwa ikionekana waziwazi kwamba ziliusoma ushahidi vibaya, zilikiuka kanuni ya sheria, au haki ilipotea. Mtu anayesema "walimwamini mtoto bila kuchunguza" mara nyingi amesoma hukumu ya rufaa ya pili, ambako uchunguzi wa aina hiyo ulikuwa umekwishafungwa ngazi iliyotangulia.

Shahidi mmoja anatosha, akipita kipimo

Zamani sheria ilimtilia mtoto shaka waziwazi. Ushahidi wake usio na kiapo haukuweza kumfunga mtu bila ushahidi mwingine wa kuuunga mkono, na katika makosa ya kujamiiana mahakimu walijionya juu ya hatari ya kumtegemea mlalamikaji peke yake. Tatizo liko wazi kwa yeyote: makosa haya hayatendwi hadharani. Kudai shahidi wa pili ni kumhakikishia mkosaji usalama, mradi amefunga mlango.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 ilibadilisha hali hiyo. Iliingiza kwenye Sheria ya Ushahidi, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 127, ruhusa ya kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake. Ruhusa hiyo ina sharti ambalo watu huliruka: mahakama ipime uaminifu wa mtoto, iridhike kwamba hasemi ila kweli, na iandike sababu za kuridhika kwake. Kisha ukaja uamuzi ulioripotiwa mwaka 2006, ambao leo haukosekani katika hukumu yoyote ya ubakaji: ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Daktari anaweza kusaidia kuonyesha kwamba tendo lilifanyika, lakini cheti chake hakimthibitishi mbakaji.

Kauli hiyo ilianza kutumika kama hirizi. Hakimu anainukuu, anasema "nimemwamini," anamaliza. Mwaka 2019, katika rufaa iliyosikilizwa Iringa, Mahakama ya Rufani ikaweka breki: haikukusudiwa kamwe kwamba neno la mlalamikaji lipokelewe kama neno la Injili, ni lazima lipite kipimo cha ukweli. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi muhimu zaidi kuusoma pamoja na ule wa 2006, kwa sababu unarudisha mzigo palipostahili. Mtoto hahitaji mashahidi wa kumdhamini, lakini hakimu anadaiwa maelezo ya kwa nini amemwamini.

Maelezo hayo yanatakiwa kuwa na nyama. "Shahidi wa kwanza alikuwa mkweli" ni hitimisho tu. Sababu ni kama hizi: alieleza kwa mpangilio, hakuyumba alipoulizwa maswali na upande wa utetezi, alimtaja mtuhumiwa usiku uleule, na hoja ya ugomvi wa shamba kati ya familia mbili ilichunguzwa ikaonekana haina mashiko. Hoja hii ya ugomvi hujitokeza mara kwa mara, pamoja na madeni na wivu wa nyumba ndogo. Mahakama haiitupi kwa sababu tu ni ya kawaida. Inauliza kama mshtakiwa aliitaja mapema na kumhoji mtoto au mzazi juu yake, au aliibua tu siku ya kujitetea, wakati hakuna tena wa kuijibu.

Ahadi ya kusema kweli

Hapa ndipo kesi nyingi zimevunjikia, na ndipo hasira za wananchi zinapokuwa na haki zaidi. Hadi 2016 hakimu alitakiwa kumhoji kwanza mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, aone kama ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema kweli, kisha aandike alichokiona. Mahojiano yakifanywa nusunusu au yasipoandikwa, ushahidi wa mtoto ulishuka hadhi au ulitupwa kabisa. Bunge likaliondoa sharti hilo mwaka 2016. Kuanzia hapo mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla hajaanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo.

Sharti hili ni jepesi kuliko la zamani, lakini mahakimu wengi waliendelea na mazoea. Wengine waliandika tu kwamba mtoto anajua maana ya kusema kweli, bila ahadi yoyote. Katika uamuzi wa Bukoba wa 2019 Mahakama ya Rufani ilieleza hata maswali ambayo hakimu anaweza kuuliza: umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi kusema kweli. Katika shauri hilo ahadi haikuwepo. Ushahidi wa mtoto ukafutwa, na mrufani akaachiwa.

Ukisoma hukumu kama hiyo bila kujua historia yake utasema mtu ameachiwa kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikuandikwa. Na ndivyo ilivyo. Mtoto hakukosea kitu. Hakuna aliyemwomba aahidi. Mahakama yenyewe baadaye iliona uzito wa hali hiyo. Mwaka 2022 ilisoma upya kifungu kile cha 127 na kubaini kwamba fungu linaloruhusu kumtegemea mtoto peke yake linaanza kwa kusema "bila kujali" masharti yaliyotangulia. Kwa hiyo, kama mahakama imempima mtoto, imeridhika anasema kweli na imeandika sababu, hatia inaweza kubaki hata kama ahadi ilikuwa na kasoro. Naona usomaji huu ni wa haki zaidi. Hata hivyo haujafuta wajibu wa kuchukua ahadi, na wakili makini wa utetezi bado ataanza kusoma jalada kwenye ukurasa huo.

Umri unathibitishwa na nani?

Mtu wa kawaida angedhani umri ni jambo dogo: mtoto yupo mbele yako, unamwona. Kisheria umri ni sehemu ya kosa. Chini ya miaka 18 hoja ya kuridhia haina nafasi. Chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha, wakati ubakaji mwingine huanzia miaka 30 jela. Mwaka mmoja huku au kule hubadilisha maisha yote ya mtu.

Mahakama ya Rufani imesema tena na tena kwamba umri uliotajwa kwenye hati ya mashtaka si ushahidi, na hata ule ambao hakimu huuandika juu ya ukurasa kabla shahidi hajaanza kusema si ushahidi pia. Unaweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, mwalimu anayemfahamu au cheti cha kuzaliwa. Wakati mwingine mahakama hukisia kwa mazingira: mtoto yuko darasa la tano, haiwezekani awe na miaka 18. Lakini makisio ya aina hiyo hayatoshi pale adhabu ya maisha inapotegemea kama alikuwa na miaka tisa au kumi na mmoja.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hati inasema mtoto ana miaka tisa. Mama anakuja mahakamani, anaeleza alivyoona nguo za mwanawe, anaeleza walivyokwenda polisi na hospitali, ila hakuna anayemwuliza alimzaa lini. Daktari ameandika "miaka 9" kwa kuambiwa. Majaji watakubali kwamba huyu ni mtoto na kwamba alibakwa, lakini watasita kumfunga mtu maisha kwa umri ambao haukusemwa na yeyote kizimbani, na adhabu inaweza kushushwa hadi miaka 30. Swali moja kwa mama lingelimaliza jambo hilo.

Tendo, na lugha ya mtoto

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa kuthibitisha kwamba kulikuwa na kuingiliwa, hata kidogo kiasi gani. Kuna maamuzi ya zamani yaliyosema haitoshi shahidi kusema tu "alinibaka", aeleze kilichotendeka. Kwa mtu mzima hilo linaeleweka. Mtoto wa miaka saba aliyefundishwa nyumbani kwamba viungo vile havitajwi atasema "alinifanyia tabia mbaya," kisha atanyamaza. Mahakama ya Rufani ilikuja kukubali kwamba malezi, mila, dini, umri na hata waliokaa wakimsikiliza humfanya shahidi aseme kwa mafumbo, na kwamba mafumbo hayo yanaweza kutosha yakisomwa pamoja na ushahidi uliobaki. Mashauri hayaelekei upande mmoja kila mara, na tofauti kati ya linalosimama na linaloanguka huwa ni mwendesha mashtaka: aliendelea kuuliza kwa upole hadi ikaeleweka, au alitosheka na sentensi ya kwanza?

Ndipo daktari anapokuwa na maana. Fomu ya PF3, ile ambayo polisi humpa aliyeumizwa na daktari akaijaza baada ya uchunguzi, na maelezo ya daktari mahakamani huonyesha kama mwili una dalili za tendo. Hazisemi nani alitenda. Na kukosekana kwa michubuko siku nne baada ya tukio hakuthibitishi kwamba hakuna kilichotokea. Kuna mtego wa kiutaratibu pia: kielelezo lazima kipokelewe kwanza, kisha kisomwe kwa sauti mshtakiwa asikie, kwa mpangilio huo. PF3 isiyosomwa huondolewa kwenye kumbukumbu, na hukumu zimejaa fomu zilizofutwa hivyo. Daktari akiwa alikuja kizimbani na kueleza alichokiona, maneno yake hubaki. Ikiwa ilitegemewa fomu peke yake, kimebaki kimya.

Alimtaja lini?

Mwaka 2002 kuliripotiwa uamuzi kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dhamana kubwa ya ukweli wake, na kuchelewa bila maelezo kunaitia mahakama mashaka. Kanuni hiyo haikuanzia kwenye kesi za watoto, na ukiichukua kavukavu inaumiza, maana mtoto aliyetishwa na baba wa kambo hatasema jioni ile. Neno la kushika ni "bila maelezo". Vitisho, woga, au kuishi chini ya paa moja na mtuhumiwa ni maelezo, na Mahakama imeyapokea. Mtoto aliyekaa kimya miezi miwili kisha akamtaja jirani baada ya kuchapwa na mama yake "aseme ni nani" yuko katika hali nyingine kabisa. Majaji watataka kujua jina lilitoka kwa mtoto au kwa fimbo.

Kupingana kwa ushahidi kunapimwa kwa mtazamo huohuo. Shahidi mmoja kusema saa kumi na mwingine saa kumi na moja hakumtoi mtu jela. Mtoto kusema alitendewa chumbani kwa mtuhumiwa, na bibi kusema mtoto alimwambia ni kichakani, kunagusa mzizi wa kesi. Tarehe ina tabia yake ya pekee: watoto hawashiki tarehe, na majaji wanalijua hilo. Lakini hati ya mashtaka haikuandikwa na mtoto. Inapotaja siku moja na mashahidi wote wakataja nyingine, Jamhuri ina ruhusa ya kuirekebisha kabla kesi haijafungwa. Isipofanya hivyo, mshtakiwa ana haki ya kusema alijitetea dhidi ya siku ambayo hakuna aliyeizungumzia.

Suala la mashahidi wasioitwa husikika karibu katika kila rufaa. Sheria haidai idadi maalumu ya mashahidi. Ila mtoto akisema mwenzake alikuwa mlangoni akaona, na mwenzake huyo haitwi, wala hakuna anayesema kwa nini, mahakama inaweza kuhisi kwamba angeitwa angesema tofauti.

Kesi ikirudishwa

Ushahidi wa mtoto ukifutwa, majaji hutazama kilichobaki. Mara nyingi kilichobaki ni mama aliyeambiwa na daktari aliyeona, na hakuna anayemgusa mtuhumiwa moja kwa moja. Njia iliyopo ni kuamuru kesi isikilizwe upya, lakini nayo ina mipaka iliyowekwa tangu 1966 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: husikilizwa upya pale usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa batili au na kasoro kubwa, na hairuhusiwi kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kosa likiwa la hakimu, kurudisha kunawezekana. Likiwa la mwendesha mashtaka aliyesahau kuuliza, mtu huachiwa.

Majaji pia hupima mrufani amekwisha kaa gerezani miaka mingapi, na kama mashahidi watapatikana. Mtoto aliyekuwa na miaka minane wakati wa tukio anaweza kuitwa tena akiwa na kumi na sita, akasimulie kwa wageni kile ambacho familia imejitahidi miaka yote asikikumbuke. Kwa kuwa umri wa shahidi huhesabiwa siku anaposimama kizimbani, safari hii hataulizwa juu ya ahadi. Ataapa kama mtu mzima.